Rimu kuingia siyo kukaa

Ugomvi wa gari nyumbani mara nyingi huwa wa fedha. Nani amelirudisha tangi likiwa tupu, nani amelikwaruza na hataki kusema, nani ameahidi kulipia sevisi akanyamaza. Upo ugomvi mwingine ambao wazazi wengi hawaujui mpaka uwafike mlangoni. Ni ugomvi wa rimu.

Kijana akianza kupata kipato chake, kitu cha kwanza anachotamani kubadilisha kwenye gari la nyumbani ni miguu yake. Anataka rimu pana, tairi litokeze nje ya bodi, gari lionekane limesimama. Mzazi akitazama anaona ni urembo tu, kama pazia jipya sebuleni. Anasema, "Sawa, ilimradi fedha ni yako."

Lakini rimu siyo pazia. Ndiyo inayoamua uzito wa gari, pamoja na watoto waliomo, uegemee wapi. Na kipimo kinachoamua jambo hilo hakionekani gari likiwa limesimama.

Familia moja ya Nianjema, Bagamoyo, ina Toyota Hiace ambayo ndiyo mkate wao. Asubuhi inapeleka watoto wa mtaani shuleni, 14 kwa hesabu ya mama mwenye nyumba, anayekusanya nauli na kuandika majina kwenye daftari. Jumamosi viti vya nyuma vinakunjwa, gari linashika barabara ya Msata mpaka Kiwangwa kufuata mananasi. Baba ndiye mwenye kadi ya gari. Dereva ni mtoto wao wa kwanza, kijana wa miaka 23.

Kijana huyo aliweka akiba miezi kadhaa. Siku moja akarudi kutoka Dar es Salaam na rimu nne za aloi za mtumba, pana, zinang'aa, zilizotoka kwenye Land Cruiser ya zamani. Muuzaji alimhakikishia zitaingia Hiace bila shida, kwa kuwa zote zina matundu sita.

Muuzaji hakusema uongo. Ziliingia. Nati sita kila tairi zikakazwa, gari likashushwa kutoka kwenye jeki, majirani wakasifia. Baba akalizunguka mara mbili, akatikisa kichwa, lakini hakutaka kumvunja moyo mtoto aliyetumia jasho lake.

Dalili zilianza kidogo kidogo

Aliyeona mwanzo ni mama, wala hakuwa chini ya gari. Aliona kwenye nguo. Siku ya mvua, watoto waliokuwa wakisubiri kando ya barabara walipanda na matope mpaka kifuani. Tairi lilikuwa limetoka nje ya madigadi, kwa hiyo maji na kokoto vilivyokuwa vikizuiwa na bodi sasa vilirushwa pembeni. Mzazi mmoja alipiga simu kulalamika kuhusu sare.

Halafu usukani. Kijana alisema gari limekuwa "zito kidogo" kwenye kona, na likipita shimo kwa tairi moja linataka kumpokonya usukani mkononi. Akalipeleka kufanyiwa alaimenti. Likarudi vilevile.

Halafu sauti. Wakirudi kutoka Kiwangwa wakiwa na mzigo, tairi za mbele zilikuwa zinakwaruza bampa kila wakikata kona, na kwenye mwendo wa kawaida kulisikika ngurumo ya chini, kama ya jiwe la kusagia nafaka, iliyopanda na kushuka kwa kufuata mwendo.

"Baba watoto," mama alisema usiku ule, "mimi sijui magari. Lakini Jumatatu nawapakia watoto wa watu humo."

Baba alimwita mtoto wake. Mazungumzo hayakwenda vizuri. Kijana alisikia kama anaambiwa hana akili. "Baba, zimeingia. Mbona Land Cruiser inatembea nazo na haina tatizo?"

Ni swali zuri, na wazazi wengi hawana jibu lake. Jibu liko kwenye kipimo ambacho muuzaji hakukitaja.

Ofseti ni nini

Ukilaza rimu chini na kuitazama kwa ubavu, utaona ni kama pipa fupi lililo wazi pande zote mbili. Mahali fulani ndani ya pipa hilo kuna bamba lenye matundu ya nati. Upande wa nyuma wa bamba hilo ni bapa. Hapo ndipo rimu inapogusana na habu ya gari. Mafundi wengine huuita uso wa kufungia.

Sasa chora kichwani mstari unaokata pipa lile katikati kabisa, nusu upande wa nje, nusu upande wa ndani. Umbali kutoka mstari huo wa katikati hadi kwenye uso wa kufungia ndiyo ofseti. Hupimwa kwa milimita.

Uso wa kufungia ukiwa katikati kabisa, ofseti ni sifuri. Ukisogea kuelekea nje, upande wa barabara, ofseti ni chanya, na sehemu kubwa ya pipa inaingia ndani ya gari. Ukisogea kuelekea ndani, upande wa breki, ofseti ni hasi, na sehemu kubwa ya pipa inatokeza nje.

Kwa ufupi: namba ikipanda, tairi linaingia ndani. Namba ikishuka, tairi linatoka nje.

Kwenye rimu nyingi namba hii imeandikwa. Huanza na herufi ET, kwa mfano ET35 au ET45, mara nyingi upande wa nyuma wa rimu au kwenye mkono wa rimu. Ikiwa imefunikwa na tope au kutu ya chumvi, kama ilivyo kawaida kwa magari ya pwani, brashi na maji ya sabuni huifichua.

Na bekispesi?

Bekispesi ni ndugu yake. Ni umbali kutoka uso wa kufungia hadi ukingo wa nyuma kabisa wa rimu, ule unaoelekea kwenye breki na shokapu. Wamarekani huupima kwa inchi. Ofseti inaeleza tairi limekaa wapi ukilinganisha na katikati yake. Bekispesi inaeleza rimu imeingia ndani kiasi gani.

Uzuri wa bekispesi ni kwamba mtu yeyote anaweza kuipima hata kama namba ya ET imefutika. Rimu inalazwa kifudifudi, uso wake wa mbele ukiangalia chini juu ya gunia ili isikwaruzike. Fimbo iliyonyooka au kipande cha bomba bapa kinalazwa juu ya ukingo wa nyuma, toka upande hadi upande. Kisha kwa futi kamba au rula unapimwa umbali kutoka chini ya fimbo hadi kwenye bapa la kufungia. Hiyo ndiyo bekispesi. Kazi yote haizidi dakika mbili.

Jambo moja la kukumbuka: upana ulioandikwa kwenye rimu, tuseme inchi 7, hupimwa mahali tairi linapokaa. Kingo za rimu zinaongeza karibu nusu inchi kila upande. Kwa hiyo rimu ya inchi 7 ikipimwa ukingo hadi ukingo hufika karibu inchi 8. Anayesahau hilo hesabu yake hukosea kwa milimita 13 hivi.

Hesabu ya Hiace na Land Cruiser

Siku ya tatu baada ya ugomvi, baba hakumwita tena kijana sebuleni. Alimwambia, "Mwanangu, twende kwa fundi. Tukapime, mimi na wewe. Kama nimekosea nitakwambia mbele yake."

Fundi alikuwa mtu mzima, wa wale ambao hawaanzi kwa maneno. Alizisikiliza salamu, akazunguka gari, akapiga jeki upande wa mbele. Akalishika tairi kwa mikono miwili, moja juu moja chini, akalisukuma na kulivuta. Likacheza.

"Mzee, beringi imeanza kuchoka," alisema. Kisha akamgeukia kijana, kwa upole. "Kijana wangu, matundu yameingia. Lakini tairi halijakaa."

Akachukua rimu ya zamani ya chuma iliyokuwa imehifadhiwa nyuma ya gari, akailaza kando ya ile mpya, akampa kijana futi kamba apime mwenyewe.

Hesabu yao ni hii, na mzazi yeyote anaweza kuifuata. Rimu ya Hiace ya toleo la 200, ile ya chuma inayokuja na gari, ina upana wa inchi 6 na ofseti ya karibu 35. Inchi 6 ni milimita 152, nusu yake ni 76. Toa 35, zinabaki milimita 41 upande wa nje wa uso wa kufungia. Jumlisha 35, zinakuwa milimita 111 upande wa ndani.

Rimu za aloi za Land Cruiser ya toleo la 80, zile za inchi 16, zina upana wa inchi 8 na ofseti sifuri. Inchi 8 ni milimita 203, nusu yake ni karibu 102. Kwa kuwa ofseti ni sifuri, 102 ziko nje na 102 ziko ndani.

Upande wa ndani, rimu mpya ilikuwa imepungua kwa milimita 9. Ndiyo maana haikugusa shokapu wala breki, na ndiyo maana ilionekana imeingia vizuri. Upande wa nje, kutoka 41 hadi 102, imetokeza kwa milimita 61. Sentimita 6 kila upande.

Magari yote mawili yana matundu sita, na umbali wa tundu hadi tundu la mkabala ni ule ule, milimita 139.7. Kwa jicho la muuzaji, ni rimu moja. Kwa jicho la beringi, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Na jina la gari halisaidii. Land Cruiser ya toleo la 100, iliyotoka mwaka 1998, ni ndugu wa karibu wa lile la 80. Lakini rimu yake ina matundu matano badala ya sita, na ofseti yake ni 60. Kiwanda kilekile, jina lilelile, tofauti ya sentimita 6.

Kwa nini sentimita 6 zina uzito huo

Mchukuzi wa soko la samaki Bagamoyo anajua jibu bila shule. Ndoo ya samaki ikibebwa karibu na mwili, mtu anatembea nayo mbali. Ndoo ileile ikibebwa kwa mkono ulionyooshwa mbele, bega linachoka kabla ya kuvuka barabara. Samaki hawajaongezeka hata mmoja. Kilichoongezeka ni umbali.

Beringi ya tairi ni bega. Watengenezaji wa gari wameipanga ili uzito uipite mahali fulani, karibu na katikati ya tairi. Katikati hiyo ikisogezwa nje milimita 35, kama ilivyokuwa kwa Hiace ile, beringi ya upande wa nje inabeba kuliko ilivyoumbiwa. Gari likiwa tupu linavumilia. Likijazwa mananasi au watoto, linaanza kunguruma.

Jambo la pili ni usukani. Tairi la mbele likikatwa kona huzunguka kwenye mstari usioonekana unaopita boljointi ya juu na ya chini, ukaenda kugusa lami. Gari linapotoka kiwandani, mstari huo unagusa chini karibu na katikati ya tairi. Tairi likisogezwa nje, kila shimo linapata mkono mrefu wa kuvuta usukani. Breki zikikamatwa tairi moja likiwa kwenye lami na lingine kwenye mchanga wa pembeni, gari linavuta upande kwa nguvu zaidi. Alaimenti haiwezi kurekebisha hilo, kwa sababu hakuna kilichopinda. Boljointi na tairodi nazo huchoka mapema.

Jambo la tatu ni nafasi. Tairi lililotoka nje halizunguki palepale usukani ukikatwa. Linachora duara kubwa zaidi, linagonga bampa kwa mbele au bodi kwa nyuma. Kukwaruza huko kunaweza kukata ubavu wa tairi kidogo kidogo, mahali ambapo dereva haoni, mpaka siku lipasuke kwenye mwendo.

Na hilo la Land Cruiser? Fundi alimjibu kijana swali lake. Land Cruiser ile inatembea na ofseti sifuri kwa sababu ekseli yake, habu zake na beringi zake zilipangwa kwa ofseti sifuri. Siyo kwamba rimu ni mbovu. Ni rimu nzuri iliyo kwenye gari lisilo lake.

Kosa la upande wa pili

Wazazi wenye IST, Vitz, Noah au Premio wasidhani hili ni la Hiace tu. Kwenye magari madogo kosa mara nyingi huwa la upande wa ndani.

Tuseme gari limetoka na rimu ya inchi 6, ET45. Mtu ananunua ya inchi 7, nayo ni ET45, akiamini namba ikifanana basi mambo ni sawa. Inchi iliyoongezeka hugawanyika: milimita 13 nje, milimita 13 ndani. Kwenye magari mengi madogo nafasi kati ya tairi na shokapu ni ya kidole kimoja au viwili tu. Milimita 13 zinaweza kuimaliza. Tairi likianza kusugua shokapu, halipigi kelele ya kutisha. Linanuka mpira kwanza.

Anayepata tatizo hilo huuziwa spesa, lile bamba la duara linalowekwa kati ya habu na rimu ili kuisogeza nje. Hesabu yake ni rahisi: spesa ya milimita 20 kwenye rimu ya ET45 inaifanya kama ET25. Beringi haijali kama tairi limetolewa nje na rimu au na spesa. Mkono ni uleule.

Spesa ina hatari yake nyingine. Ile ya kuchomeka tu, isiyo na bolti zake yenyewe, inakula urefu wa bolti za gari. Kanuni ya mafundi ni kwamba nati ishike bolti kwa urefu usiopungua unene wa bolti hiyo. Bolti za Toyota nyingi zina unene wa milimita 12, na kila mzunguko wa nati husogea milimita 1.5. Kwa hiyo nati ikizunguka chini ya mara 8 kabla ya kukaza, haijashika vya kutosha. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuhesabu mizunguko hiyo wakati baba anafunga tairi, na ni vizuri ahesabu.

Vidogo vinavyofuatana na ofseti

Tundu kubwa la katikati ya rimu nalo lina kipimo. Likiwa dogo kuliko habu, rimu haikai. Likiwa kubwa mno, rimu inaning'inia kwenye nati peke yake, na isipokaa katikati barabara gari hutetemeka kwenye mwendo hata baada ya kubalansi. Zipo ringi za kujaza nafasi hiyo.

Nati zenyewe hazifanani. Rimu nyingi za chuma na za mtumba za spoti hutaka nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za aloi za Toyota zilizotoka na gari hutaka nati yenye shingo na washa bapa. Nati ya koni kwenye tundu la washa bapa inashika kwenye ukingo tu, na hulegea.

Rimu za aloi za Japani huwa na alama ya JWL, yaani zimetengenezwa kwa kiwango cha Japani cha rimu za aloi, na nyingi huongezewa alama ya VIA ya kuthibitisha majaribio. Rimu isiyo na alama yoyote, wala namba ya upana, wala ET, ni ya kuachwa ilipo.

Kwa wakazi wa pwani kuna la ziada. Hewa ya chumvi hujenga kutu na unga mweupe kwenye habu na kwenye uso wa kufungia. Rimu ikifungwa juu ya uchafu huo haikai bapa, na nati zikilegea siku mbili baadaye watu hulaumu fundi. Brashi ya waya kabla ya kufunga inatosha. Kisha nati zikazwe kwa zamu ya nyota, siyo kwa kuzunguka, na kwa spana inayopima nguvu kama ipo. Magari mengi madogo ya Toyota hutaka nyutoni mita 103. Baada ya kilomita 50 hadi 100, yaani safari moja ya Bagamoyo hadi Dar es Salaam, zikaguliwe tena.

Kilichoamuliwa nyumbani

Baba na kijana walirudi kwa gari lenye rimu za zamani. Beringi za mbele zilibadilishwa, na fedha ya kazi hiyo ilitoka kwenye mapato ya mananasi ya wiki mbili. Jumatatu ile gari lilikuwa bado kwa fundi. Mama alipiga simu kwa kila mzazi aliyeko kwenye daftari, akawaeleza ukweli: gari lina hitilafu ya tairi, leo watoto hawatachukuliwa. Wawili walihamia kwa dereva mwingine na hawakurudi. Waliobaki, mmoja wao alimwambia kwamba simu ile ndiyo iliyomfanya abaki.

Kijana aliumia. Rimu zilikaa ukumbini siku nyingi zimefunikwa khanga, kwa sababu mama hakutaka zimkere kila akipita. Baba hakumwambia "nilikwambia." Hakuwa na haki ya kusema hivyo, kwani siku ya kwanza aliona tairi limetoka nje na akanyamaza ili asiharibu furaha. Alimwambia neno moja tu: kwamba fedha ya rimu ni ya mtoto, lakini gari ni la watoto 14.

Hatimaye zilipata mnunuzi mwenye Land Cruiser yake, kwa bei iliyopungua. Kijana mwenyewe ndiye aliyempimia mnunuzi bekispesi kwa fimbo na futi kamba kabla ya kupokea fedha.

Kabla ya fedha kutoka mfukoni

Mzazi hahitaji kuwa fundi. Anahitaji namba tano za rimu iliyoko kwenye gari sasa, ziandikwe kwenye simu na kutunzwa: kipenyo, upana, idadi ya matundu na umbali wake, tundu la katikati, na ET. Mtoto au mume akisema amepata rimu Gerezani au Ilala, swali lisiwe "bei gani?" Liwe "ET ngapi, upana ngapi?" Muuzaji asiyejua aombwe picha ya upande wa nyuma wa rimu.

Kisha ifanyike hesabu ile ya nusu ya upana, toa ofseti kwa upande wa nje, jumlisha ofseti kwa upande wa ndani, na matokeo yalinganishwe na ya rimu ya zamani. Tofauti ya milimita chache kila upande magari mengi huivumilia. Ikifika sentimita, aulizwe fundi asiyeuza rimu.

Rimu ikipatikana, ijaribiwe kabla ya kulipia yote, na gari lisijaribiwe likiwa tupu. Wapande watu wazima watano, usukani ukatwe mpaka mwisho kulia, mpaka mwisho kushoto, lipite tuta taratibu. Likigusa mahali popote, halijakaa.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, inakataza gari bovu barabarani, na kwenye ukaguzi wa Wiki ya Nenda kwa Usalama tairi ni miongoni mwa vitu vya kwanza kutazamwa. Lakini askari hulitazama gari kwa dakika chache. Watoto hulipanda kila asubuhi. Futi kamba bei yake haifiki ya nauli ya kwenda kuzirudisha rimu Dar es Salaam, na ikae kwenye gari, karibu na jeki.